Safari ya Mboga na Samaki kwa Ndege: Baridi Ikikatika, Mkulima Ndiye Hubeba Hasara

MAHARAGWE machanga, maarufu mashambani kama mishiri, yanayochumwa alfajiri katika eneo la Mwea, Kaunti ya Kirinyaga, huweza kuwa kwenye rafu za maduka ya London au Amsterdam siku mbili au tatu baadaye. Kati ya shamba na rafu hiyo pana lori, chumba cha baridi, mizani, maafisa wa serikali, ndege inayoruka kwa saa nane au tisa, kisha mlolongo uo huo wa ukaguzi na malori upande wa pili.

La kushangaza ni kwamba kipande cha safari kilicho kirefu zaidi, yaani kile cha angani, ndicho chenye hatari ndogo zaidi. Mazao mengi yanayoharibika huharibikia ardhini: kando ya shamba yakingoja lori, ndani ya lori lisilo na jokofu, au kwenye lami ya uwanja wa ndege yakingoja kupakiwa. Na yanapoharibika, anayepunguziwa malipo mara nyingi ni mkulima ambaye hata hajui ni wapi mambo yalikwenda mrama.

Makala haya yanaeleza jinsi chakula kibichi na kile kilichogandishwa kinavyosafirishwa kwa ndege kutoka Kenya, kanuni zinazotawala biashara hiyo, na mambo ambayo mkulima au mfanyabiashara mdogo anapaswa kuyafahamu kabla ya kutia sahihi mkataba wowote.

KWA NINI NDEGE

Nauli ya ndege ni ghali mno ikilinganishwa na ile ya meli. Kwa hivyo, bidhaa zinazostahili kupanda ndege ni zile zenye sifa mbili kwa pamoja: maisha mafupi baada ya kuvunwa au kuchinjwa, na bei nzuri kwa kila kilo. Humu nchini, bidhaa hizo ni pamoja na mishiri, minji inayoliwa na maganda yake, viungo vibichi kama vile rehani, minofu ya samaki aina ya mbuta kutoka Ziwa Viktoria, na nyama ya mbuzi na kondoo inayopelekwa nchi za Ghuba.

Mishiri iliyotunzwa vyema katika baridi hudumu siku nane hadi kumi na mbili hivi. Meli kutoka Mombasa hadi Ulaya huchukua majuma kadhaa. Hesabu hiyo peke yake inatosha kueleza ni kwa nini zao hilo halina budi kuruka.

Maparachichi ni kisa tofauti. Tunda hilo huvunwa likiwa gumu na, likihifadhiwa katika nyuzijoto 5 hivi za Selsiasi, huweza kustahimili safari ya baharini ndani ya kontena lenye jokofu. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya maparachichi ya Kenya hupitia bandari ya Mombasa. Hata hivyo, njia hiyo nayo ina misukosuko yake. Mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yaliyoanza mwishoni mwa mwaka wa 2023 yalilazimisha kampuni nyingi za meli kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari ikarefuka kwa takriban majuma mawili.

Chakula kilichogandishwa nacho kwa kawaida husafiri kwa meli, kwa kuwa kikisha kuganda vizuri huwa na muda mrefu mbele yake. Kinachopandishwa ndege ni kiasi kidogo: sampuli za kumwonyesha mnunuzi mpya, bidhaa za bei ya juu, au oda ya dharura.

ZAO LILILOVUNWA BADO LINAPUMUA

Siri ya biashara hii imo katika jambo moja la kisayansi. Mboga au tunda huendelea kupumua hata baada ya kukatwa kwenye mmea. Huvuta oksijeni, huchoma sukari iliyomo ndani yake na kutoa joto, maji na hewa ya kaboni dioksidi. Kadiri joto linavyopanda ndivyo upumuaji unavyoongezeka kasi, na ndivyo zao linavyozeeka.

Makatoni mia kadhaa ya mishiri yakirundikwa pamoja yakiwa na joto la shambani, hupashana joto yenyewe kwa yenyewe. Katikati ya rundo hilo huweza kuwa na joto kuliko hewa iliyo nje. Kwa sababu hiyo, hatua muhimu kuliko zote ni kuliondoa joto la shambani mapema iwezekanavyo, kwa kawaida kwa kupitisha hewa baridi kwa nguvu katikati ya makatoni yenye matundu.

Wafanyabiashara wengi wapya hudhani kwamba ndege itaipoza shehena yao. La hasha. Ndege haipozi mzigo uliopakiwa ukiwa na joto. Kazi yake, ikiwa mambo yote yatakwenda sawa, ni kuuhifadhi mzigo katika hali uliyopakiwa nayo. Baridi iliyopotea njiani ni sawa na maji yaliyomwagika. Zao linaweza kupozwa upya, lakini siku za uhai lilizopoteza hazirudi.

Aidha, baridi inayofaa si moja kwa bidhaa zote. Mishiri hutakiwa kuwekwa kati ya nyuzijoto 5 na 7. Ikishuka chini ya hapo kwa muda mrefu, huingiwa na madoa na kulainika inapotolewa kwenye baridi. Minji ya maganda hupenda baridi iliyo karibu na sufuri. Maembe huumia yakiwekwa chini ya nyuzijoto 10 hivi. Minofu mibichi ya samaki hupaswa kukaa katika kiwango cha barafu inayoyeyuka, na chakula kilichogandishwa kisizidi nyuzijoto 18 chini ya sufuri.

Hapo ndipo matatizo ya kuchanganya mizigo huanzia. Maembe na minji yakiwekwa katika chumba kimoja, lazima upande mmoja uumie. Isitoshe, matunda yanayoiva, kama vile maparachichi, hutoa gesi ya ethilini ambayo huziharakisha mboga zilizo karibu kugeuka manjano. Na zao baridi likitolewa ghafla katika hewa yenye joto na unyevu, matone ya maji hujitengeneza juu yake na kufungulia kuvu mlango.

BARAFU KAVU SI BARAFU YA KAWAIDA

Samaki hufungwa katika masanduku mepesi ya povu gumu, ndani ya mfuko usiovuja, pamoja na vifuko vya jeli vilivyogandishwa. Mashirika ya ndege ni makali kuhusu uvujaji kwa sababu maji ya samaki yana chumvi, na chumvi hula chuma cha ndege. Sanduku linalodondosha maji hukataliwa mlangoni, nalo likigunduliwa likiwa tayari limefungwa pamoja na mengine, shehena nzima huweza kuteremshwa.

Kwa bidhaa zilizogandishwa, barafu ya maji haitoshi. Hutumika barafu kavu, ambayo ni kaboni dioksidi iliyogandishwa hadi nyuzijoto 78.5 chini ya sufuri. Haiyeyuki kuwa maji bali hugeuka kuwa gesi moja kwa moja, jambo linalowafaa sana wasafirishaji. Lakini faida hiyo ndiyo hatari yake pia. Gesi hiyo hufukuza oksijeni katika chumba kilichofungwa, na sanduku lisilo na tundu la kupumulia huweza kupasuka.

Ndiyo maana barafu kavu imeorodheshwa miongoni mwa bidhaa hatari katika usafiri wa anga, chini ya nambari UN 1845. Anayeituma sharti aandike nambari hiyo na uzito wa barafu yenyewe juu ya kila sanduku na aitaje katika hati za mzigo. Kila ndege ina kiwango chake cha barafu kavu inayoruhusiwa kubeba, hasa pakiwa na wanyama hai katika tumbo la ndege hiyo. Haishikwi kwa mkono mtupu, kwa kuwa huunguza ngozi kama moto.

NJIA YA MAKARATASI

Shehena inaweza kuwa baridi ipasavyo na bado ikaoza kwa kukosa karatasi moja. Mboga na matunda huhitaji cheti cha afya ya mimea kinachotolewa na Shirika la Kukagua Ubora wa Mimea nchini (KEPHIS), huku leseni za kuuza mazao hayo nje zikisimamiwa na idara ya kilimo cha bustani katika Mamlaka ya Kilimo na Chakula (AFA). Samaki hupimwa na kupewa cheti na mamlaka ya uvuvi, nayo nyama hukaguliwa na madaktari wa mifugo wa serikali. Baada ya hapo huja forodha, ambayo iko chini ya Mamlaka ya Ushuru (KRA).

Hati inayobeba mkataba wa safari ni hati ya shehena ya ndege. Huwa na nambari yenye tarakimu 11, na tarakimu tatu za kwanza hutambulisha shirika la ndege. Za Kenya Airways ni 706. Tofauti na hati ya meli, hati hii si hati ya umiliki. Anayetajwa humo kuwa mpokeaji anaweza kukabidhiwa mzigo pasipo kuonyesha nakala halisi, hata kama hajalipa chochote. Mwuzaji asiyemfahamu vyema mnunuzi wake anafaa kulizingatia hilo kabla ya kuandika jina.

Historia inaonyesha jinsi soko linavyoweza kufungwa kwa kosa la wachache. Mwaka wa 1999, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku samaki wa Ziwa Viktoria kufuatia ripoti kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakitumia sumu kuvua. Mnamo mwaka wa 2013, umoja huo ulianza kukagua asilimia 10 ya shehena za mishiri na minji kutoka Kenya kwa sababu ya mabaki ya dawa za kuua wadudu, na mwaka uliofuata Kenya yenyewe ikasitisha kuuza maembe Ulaya kutokana na nzi wa matunda. Samaki mmoja akioza huoza wote, na katika biashara hii msemo huo hauna chumvi hata kidogo.

Ukaguzi wenyewe una gharama isiyoonekana. Shehena iliyozuiliwa kupimwa maabara hupoteza siku ambazo mshindani wake kutoka nchi nyingine anazitumia kuuza.

MIZANI HAIPIMI UZITO TU

Wengi hushtuka wanapopewa ankara ya nauli. Mashirika ya ndege hayatozi kwa uzito wa mizani pekee. Hulinganisha uzito huo na ujazo wa sanduku, kisha hutoza kwa kile kilicho kikubwa. Kanuni ya kawaida ni kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, halafu kugawanya kwa 6,000.

Tuseme sanduku lina urefu wa sentimita 60, upana wa 40 na kimo cha 30. Jibu ni kilo 12. Ikiwa ndani mna kilo 9 za mboga pamoja na katoni, nauli itakuwa ya kilo 12. Tofauti hiyo ya kilo tatu ni hewa inayolipiwa nauli. Kwa upande mwingine, kulijaza sanduku kupita kiasi hubana mboga na kuziba matundu ya hewa baridi. Ufungaji bora ni kutafuta kadiri kati ya hayo mawili.

UWANJANI NDIPO PENYE MTIHANI

Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA), Nairobi, ndio mlango mkuu wa shehena hizi. Uwanja huo uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na jua likichoma huwa nyepesi zaidi, hivi kwamba ndege kubwa haiwezi kuruka na uzito ambao ingeubeba ikiwa pwani. Hiyo ni mojawapo ya sababu za ndege nyingi za mizigo kuondoka usiku. Eldoret, ulikofunguliwa uwanja wa kimataifa mwaka wa 1997, kuko juu zaidi, kwenye mita 2,100 hivi.

Mizigo husafiri kwa njia mbili: ndani ya ndege maalum za mizigo, au katika tumbo la ndege za abiria. Katika hali zote mbili, makatoni hupangwa juu ya paleti ya chuma, yakafungwa kwa wavu na kupitishwa katika ukaguzi wa usalama. Kisha paleti huvutwa hadi kwenye ndege. Ndege ikichelewa, paleti hubaki kwenye lami. Jua la saa moja linaweza kuharibu kazi ya usiku kucha ya chumba cha baridi. Blanketi maalum la kuzuia joto, linalofunika paleti nzima, hupunguza madhara hayo.

Nafasi nayo huwa haba katika misimu fulani. Majuma yanayotangulia Siku ya Wapendanao mwezi Februari, maua hujaza ndege na nauli hupanda. Asiyeweka nafasi mapema huambiwa angoje, na mboga hazijui kungoja.

Kuna nyakati ambapo mlango wote hufungwa. Aprili 2010, majivu ya volkano ya Eyjafjallajökull nchini Iceland yalifunga sehemu kubwa ya anga ya Ulaya kwa siku sita hivi, na mboga na maua ya Kenya vikatupwa huku vibarua wakirudishwa nyumbani. Agosti 7, 2013, moto uliteketeza jengo la abiria wanaowasili katika JKIA. Machi 2020, Kenya ilisimamisha safari za kimataifa za abiria kwa sababu ya Covid-19. Ndege za mizigo ziliruhusiwa, lakini nafasi iliyokuwa katika matumbo ya ndege za abiria ilitoweka na nauli zikapaa. Septemba 11, 2024, mgomo wa wafanyakazi ulilemaza shughuli za uwanja huo huo.

NANI HULIPA HASARA

Sheria inayotawala fidia ni Mkataba wa Montreal wa mwaka wa 1999, ambao Kenya ni mwanachama wake. Tangu Desemba 28, 2024, kiwango cha juu cha fidia kwa mzigo ni SDR 26 kwa kilo, SDR zikiwa ni kipimo cha thamani kinachotumiwa na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Kiasi hicho ni kikubwa kuliko bei ya kilo moja ya mishiri. Kwa maneno mengine, tatizo la mkulima si udogo wa fidia. Tatizo ni ushahidi.

Mkataba huo unaliondolea shirika la ndege lawama ikiwa litathibitisha kwamba uharibifu ulitokana na hali ya bidhaa yenyewe au ufungaji mbaya. Mboga ni bidhaa inayooza kwa asili yake. Bila ya kumbukumbu ya joto, ni vigumu mno kwa mlalamishi kuijibu hoja kwamba mboga zilifika uwanjani zikiwa tayari zimechoka. Malalamiko ya uharibifu lazima yaandikwe ndani ya siku 14 tangu mzigo upokewe, na ya ucheleweshaji ndani ya siku 21. Kwa mishiri, siku hizo ni nyingi kupita kiasi, kwani kufikia wakati huo ushahidi huwa umetupwa jaani.

Kinachofanyika mara nyingi ni rahisi zaidi. Mnunuzi wa ng'ambo hupiga picha za mboga zilizonyauka na kukata malipo. Kampuni inayouza nje nayo humkata mkulima. Shirika la ndege, wakala na mwenye lori hulipwa kama kawaida. Mkulima, aliye mbali kabisa na mahali palipoharibikia mzigo, huwa wa mwisho kupata habari na wa kwanza kupoteza.

Kinga yake ni kifaa kidogo cha kunakili joto, kisichozidi ukubwa wa kiganja, ambacho hutiwa ndani ya makatoni na kuandika nyuzijoto kila baada ya dakika kadhaa. Kifaa hicho huonyesha saa ambayo joto lilipanda. Ikilinganishwa na saa za kupokelewa mzigo katika kila kituo, hujulikana ulikuwa mikononi mwa nani.

KWA MSAFIRI WA KAWAIDA

Wakenya wengi hupenda kuwabebea jamaa zao walio ng'ambo vyakula vya nyumbani. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga humruhusu abiria kubeba barafu kavu isiyozidi kilo 2.5, mradi shirika la ndege likubali na kifungashio kiwe na tundu la kupumulia. Hata hivyo, Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kutoka Kenya kuingia na nyama wala maziwa. Samaki aliyetolewa matumbo anaruhusiwa hadi kilo 20. Tangu Desemba 2019, matunda na mboga mbichi huhitaji cheti cha afya ya mimea hata zikiwa ndani ya mkoba, isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na durian.

LA KUFANYA

Kwa kikundi cha wakulima, hatua za kujikinga zinaweza kuhesabika kwa vidole. Kwanza, kuvuna alfajiri na kuweka mazao kivulini mara moja. Pili, kupima joto la ndani ya zao, si la hewa ya chumba, wakati wa kulikabidhi kwa mnunuzi, na kuandika kipimo hicho pamoja na saa katika stakabadhi inayotiwa sahihi na pande zote mbili. Tatu, kudai kwamba kila shehena iwe na kifaa cha kunakili joto na kwamba taarifa zake zipelekwe pia kwa kikundi.

Nne, na lililo kubwa, ni kuhakikisha mkataba unataja mahali ambapo hatari inahama kutoka kwa mkulima kwenda kwa mnunuzi. Iwapo mkataba unasema kuwa mishiri ni mali ya kampuni tangu inapopimwa kwenye kituo cha kukusanyia, basi joto la lami ya uwanja wa ndege si deni la mkulima wa Mwea. Iwapo mkataba umenyamaza, deni hilo litamfuata hadi shambani.